Karatu na Ngorongoro: Maji Usiyoyafika

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusoma shuleni au kusikia redioni habari za Ngorongoro: faru wake, simba wake, na kreta yake ambayo wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Leo sikualiki kutazama wanyama. Nakualika tufuatane kutazama maji. Tena si yale ya mitoni tu, bali yale yapitayo chini ya ardhi, ambayo watu wa Karatu, Mang'ola na Ngorongoro huyanywa kila siku pasipo kuona yatokako. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Safari hii ilinifundisha kwamba wingi si jambo pekee tusilolijua. Hatujui pia umri wa maji hayo, njia yaliyopita, wala kilichoyeyuka ndani yake. Na kutojua huko kumewagharimu watu.

Kiongozi wetu ni binti mmoja mzaliwa wa Karatu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu ya maji ya ardhini. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa kazi yake haijakamilika na watu wa kwao hawapendi sifa zitangulie mavuno. Nimelitii ombi lake. Nitamwita mwanafunzi wetu. Nilikutana naye Arusha alfajiri, amebeba kasha lililojaa chupa tupu. Muuza chai mmoja akamtania, "Dada, chupa zote hizo unakwenda kuuza nini?" Naye akajibu, "Siuzi, kaka. Nakwenda kuteka."

MSITU USIOISHI KWA MVUA YAKE

Ukitoka Arusha kuelekea magharibi utafika Makuyuni, ambako barabara ya Dodoma huendelea kusini na ya kwetu huchepuka kulia. Nchi ya hapo ni kavu: migunga, vumbi, na makundi ya ng'ombe wa Wamasai. Kisha, chini ya ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, unaingia Mto wa Mbu na mambo yanabadilika. Utaona migomba, mashamba ya mpunga, na mifereji ya maji ikipita nyuma ya nyumba. Jirani yake, ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, umesimama msitu wa miti mirefu ambayo usingetazamia kuiona katika nchi ya mvua haba.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu alipolisimamisha gari kwa mara ya kwanza. "Mzee," aliniambia, "mvua ya hapa haitoshi kuulisha msitu huu. Angalia ukuta ule. Maji yametoka kule juu."

Naam, msitu wa Manyara ni msitu wa maji ya ardhini. Mvua inyeshayo katika nyanda za juu huzama ndani ya miamba ya volkano yenye nyufa nyingi, ikasafiri gizani, na kutokeza tena kama chemchemi chini ya ukuta. Mti ulio bondeni unaishi kwa mvua iliyomnyeshea mtu mwingine mlimani. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo, kwa maana tutakutana nalo tena kila tutakapofika.

NYUMBANI KARATU

Gari likaupanda ukuta, tukaliacha ziwa liking'aa mgongoni mwetu, tukapita Rhotia na kuingia Karatu. Huu ni mji wa udongo mwekundu, wenye kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pande zote kuna mashamba ya mahindi, ngano, maharage na mbaazi, na kuelekea Oldeani kuna mashamba ya kahawa yaliyoanza zamani za walowezi. Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu hadi ilipofanywa wilaya katika miaka ya 1990. Wenyeji walio wengi ni Wairaqw, ingawa utakutana pia na Wabarbaig, Wamasai, Wahadzabe, na wafanyabiashara wa kila kabila.

Mama yake mwanafunzi wetu alitupokea kwa ugali na maziwa ya mgando. Baada ya chakula binti akanisimulia historia ya masomo yake, nami nitakusimulia kwa ufupi.

Alizaliwa katika nyumba hiyo, lakini alipokuwa mdogo alipelekwa kulelewa na bibi yake katika kijiji cha bondeni, ili amsaidie kazi. Kazi yenyewe ilikuwa maji. Aliamka kabla ya jogoo, akafuatana na punda hadi kisimani, akarudi na madumu, ndipo akaenda shule. Nchi ilikuwa imepanga mambo yawe vingine. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 uliokusudia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Visima vingi vilichimbwa na mabomba mengi yakatandazwa, lakini mwaka 1991 ulipofika vijiji vingi vilikuwa bado vinasubiri. Mwanafunzi wetu alizaliwa baada ya hapo, na bado alikuta punda na madumu.

Alipomaliza sekondari alikwenda Chuo cha Maji, Ubungo, Dar es Salaam. Akarudi kuwa fundi, akifunga pampu na kupima visima vilivyochimbwa kwa mashine. Katika kazi hiyo aliona jambo lililomsumbua. Kisima kisicho na maji hugharimu fedha sawa na kisima chenye maji, na fedha hizo ni michango ya watu walewale wauzao debe la mahindi ili wachangie. Akaona haitoshi kujua kufunga pampu. Ni lazima ajue maji yako wapi, ni mengi kiasi gani, na yanafaa nini. Akasoma shahada ya kwanza, na baadaye akajiunga na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, ambako ndiko anakofanya utafiti wake.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote alinieleza mwishoni, tena bila haya. Alitabasamu, akanionyesha meno yake. Yana michirizi ya rangi ya kahawia, kama chuma kilichoanza kushika kutu. Kisha akamwita mdogo wake, aliyekulia hapa kwa mama, akamwambia naye atabasamu. Meno yake ni meupe kama maziwa.

"Baba mmoja, mama mmoja," alisema. "Tulitofautiana maji tu. Shuleni walinicheka, nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Nikajiuliza: kwa nini maji ya bibi yalinifanya hivi, na maji ya mama hayakumfanya mdogo wangu kitu? Mzee, swali la utafiti wangu ndilo hilo. Chuoni tuliliandika kwa maneno marefu tu."

UKUNGU WA LODOARE

Kesho yake tulipanda hadi lango la Lodoare, mpakani mwa Hifadhi ya Ngorongoro. Eneo hili la kilomita za mraba zipatazo 8,292 lilitengwa mwaka 1959, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukishapita lango, barabara huzama msituni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa. Kutoka kwenye matawi yaliyovaa kuvu na ndevu za miti matone yalidondoka mfululizo, ingawa mvua haikuwa ikinyesha.

Mwanafunzi wetu akashuka, akakinga kiganja. "Benki yenyewe ndiyo hii," alisema.

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga milima hii upande wa mashariki na kusini, zikapanda, zikapoa, na kuacha maji yake kama mvua na ukungu. Upande wa magharibi hubaki mkavu, na ndiyo maana nyanda za Oldupai ni za vumbi ilhali nyuma yake mlima ni msitu. Miti hukamata ukungu. Majani yaliyooza na mizizi huipunguza kasi mvua isiporomoke yote. Maji hupata muda wa kuzama. Baadhi yake hutokeza karibu, baada ya muda mfupi, katika chemchemi zinazonywesha vijiji vya Karatu. Mengine huenda mbali na chini zaidi, yakakawia miaka mingi kabla ya kuiona nuru.

Tena hakuna hata tone moja la maji haya liendalo baharini. Nchi hii imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake huishia katika maziwa yasiyo na mlango wa kutokea: Manyara, Eyasi, Natron, na Magadi lililo ndani ya kreta. Yaingiayo humo hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kukaushwa na jua. Na jua huchukua maji, haliichukui chumvi.

Nikamwuliza, basi utajuaje kwamba maji ya kisima fulani yametoka katika msitu huu? Akanieleza kwa subira. Maji yote ni maji, alisema, lakini si yote yenye uzito mmoja. Ndani ya hidrojeni na oksijeni zinazoyaunda mna chembe nyepesi, na chache zilizo nzito kidogo. Wataalamu huziita isotopu. Wingu lipandapo mlima huanza kuziangusha zile nzito, hivyo mvua ya juu mlimani huwa nyepesi kuliko mvua ya bondeni. Tofauti hiyo huwezi kuionja, wala mizani ya dukani haiioni, lakini mitambo ya maabara huisoma. Maji hubeba alama ya mahali yalipozaliwa, kama ng'ombe abebavyo chapa ya mwenyewe.

Wazee wa Kiiraqw nao walikuwa na elimu yao. Waliamini kwamba Netlangw, roho wa chini, hukaa katika chemchemi na mito, kwa hiyo hapakuwa mahali pa kuchezea. Mwanafunzi wetu hakuwacheka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. "Wazee hawakuwa na utepe wa kupimia," alisema, "lakini chemchemi waliiheshimu."

NDANI YA KRETA

Ukungu ulipofunguka tulisimama ukingoni, tukaitazama kreta. Zamani hapa palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita kilele chake kilididimia na kuacha kasoko lenye sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zenye kimo cha mita kama 600. Wengi husimama hapo wakitafuta tembo kwa darubini. Mwanafunzi wetu alininyoshea kidole kitu kingine: mabaka ya kijani yaliyotawanyika katika nyanda za rangi ya majani makavu. "Kila baka," alisema, "lina chemchemi au kijito nyuma yake."

Tulishuka kwa njia ya Seneto. Hapo pana chemchemi ya maji ya chumvichumvi, ambayo kwa miaka mingi Wamasai waliishushia ng'ombe wao. Mbele kidogo ni msitu wa Lerai, wa migunga yenye magome ya manjano. Mingi imekufa katika miongo iliyopita, imebaki magogo meupe. Na watafiti wametaja kupanda kwa chumvi katika udongo miongoni mwa sababu zake. Katikati ya kreta limelala Ziwa Magadi, jeupe kandokando kwa chumvi, na heroe wekundu wakitembea ndani yake. Linapokea mto Munge utokao Olmoti upande wa kaskazini. Kisha tukafika Ngoitokitok, upande wa kusini mashariki. Hapo maji baridi matamu huchimbuka, viboko hupiga mbizi, na watalii hula chakula chao cha mchana wakichunga mwewe wasiwapokonye mkononi.

Hebu fikiri, msomaji: bwawa la viboko na ziwa la magadi, katika sakafu moja, chini ya jua moja. Tofauti yao ni kwamba moja hupokea maji mapya kutoka chini na kuyapitisha, na jingine huyapokea na kuyazuia. Maji mapya yakipungua, hata mahali patamu pataanza kuelekea chumvini.

Wanafunzi wengine wamewahi kupita njia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Daniel Deocampo, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alikuja na profesa wake Gail Ashley kuzichunguza chemchemi na vinamasi vya kreta. Mwaka 1999 walichapa utafiti uliolinganisha vinamasi hivi vya leo na mabaki ya vinamasi vya kale katika bonde la Oldupai. Na mwaka 2004 Deocampo akachapa mwingine juu ya kemia ya maji ya kreta na maana yake kwa matumizi ya ardhi katika hifadhi.

Kwa nini Oldupai? Huko ndiko Mary Leakey alikoliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, katika tabaka lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.84. Ashley na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba mahali hapo palikuwa na chemchemi ya maji baridi na miti, karibu na ziwa lililokuwa la chumvi. Mwaka 2014 Mark Cuthbert na Ashley walipiga hesabu, wakaona kwamba chemchemi kama hizo zingeweza kuendelea kutoa maji katika vipindi virefu vya ukame, kwa kuwa ardhi huachia akiba yake polepole. Kwa maneno mengine, mvua ilipokatika, viumbe wa kale walikimbilia maji ya ardhini. Nasi tungali tukifanya hivyo hivyo, ila sasa tunayo pampu.

VITUNGUU VYA MANG'OLA

Pampu hizo tulizisikia siku iliyofuata. Kutoka Karatu barabara ya vumbi huteremka kusini magharibi hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Joto hupanda, udongo hugeuka kuwa wa kijivu, na unapodhani umefika jangwani unakutana na chemchemi za Qangdend chini ya migunga ya manjano, maji yakitoka maangavu kabisa. Maji hayo, yatokayo upande wa mlima Oldeani, hugawanywa kwa mifereji na kuzaa vitunguu vinavyosifiwa masoko yote ya kaskazini, hata Nairobi.

Vitunguu vya Mang'ola vimejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Asiwepo mtu wa kuvidharau. Lakini maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na aliye mwisho wa mfereji huishia mara nyingi kuhesabu siku. Mwenye fedha hununua pampu. Mwenye fedha zaidi huchimba kisima. Chini kabisa wapo wafugaji, na Wahadzabe ambao kwa vizazi vingi wameishi nchi hii kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Mwanafunzi wetu aliteremsha utepe katika kisima kimoja, akasikiliza mlio unaoashiria kuwa umegusa maji, akaandika kina daftarini. Nikamwuliza kama kipimo kimoja kina faida gani. Akasema hakina faida kubwa. Faida iko katika kupima kisima kilekile mwezi baada ya mwezi, masika na kiangazi, hadi uone kama akiba inarudi au inashuka tu. "Tatizo la maji ya ardhini," alisema, "ni kwamba yanachelewa kulalamika. Ukikata msitu leo, chemchemi inaweza kuendelea kutoka kwa miaka. Utasema, mbona hakuna kitu? Siku itakayopungua, aliyekata amekwisha kufa, na aliye na kiu ni mjukuu wake."

Kwa sababu hiyo Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mchimba kisima awe na kibali, na mtumiaji mkubwa awe na kibali cha kutumia maji kilichoandikwa katika daftari la bodi ya bonde. Wengi huona ni usumbufu wa ofisini. Lakini hebu niambie, msomaji: mfuko ambao kila mtu huchota na hakuna anayehesabu, utakaa siku ngapi?

KISIMA CHA BIBI

Siku ya mwisho tulikwenda kijijini kwa bibi yake. Kijiji kilikuwa kimechanga fedha miaka kadhaa, na sasa kilikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua na kioski cha maji katikati ya nyumba. Kina mama walikuwa wamepumzika punda. Mwanafunzi wetu alikuwa amechukua sampuli katika safari iliyotangulia. Sasa alikuja kuwapa wananchi majibu ya maabara. Tulikaa chini ya mti. Mwenyekiti wa kijiji akafungua mkutano, kisha akampa nafasi.

Alianza kwa habari njema: maji ni mengi, na hayana vijidudu vya maradhi. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema floraidi imepita kiwango.

Akawafafanulia. Miamba ya volkano ya nchi hii imejaa sodiamu na floraidi, na kalsiamu yake ni chache. Palipo na kalsiamu, floraidi hushikwa nayo ikaganda. Pasipo na kalsiamu ya kutosha, hubaki imeyeyuka majini. Aghalabu, kadiri maji yanavyosafiri mbali na kukaa muda mrefu ndani ya miamba hii, ndivyo inavyozidi. Chemchemi iliyo karibu na msitu hutoa maji machanga. Kisima cha bondeni hutoa maji yaliyozeeka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa vinginevyo maji mengi ya kaskazini yangekataliwa. Viwango vya mwaka 2018 vikashusha hadi 1.5. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali yakiumbika ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka minane hivi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa.

Mzee mmoja akasimama, amekasirika. "Binti yetu, tumeuza mbuzi kuchimba kisima hiki. Leo unatuambia tukifunge?"

"Hapana, baba," alijibu. "Msikifunge. Fueni, ogeni, osheni vyombo, fyatueni matofali, mwagilieni bustani. Nasema habari ya kinywa cha mtoto tu."

Kina mama wakauliza kama kuchemsha kunasaidia. Akasema hapana. Kuchemsha huua vijidudu na ni lazima kuendelee, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa makali zaidi. Akawaonya pia juu ya magadi ya kulainishia maharage, kwa kuwa nayo mara nyingi yana floraidi nyingi. Akawaeleza kwamba maji ya mvua yakingwayo kwenye bati safi hayana madini hayo, na kwamba iko michujo ya mkaa wa mifupa ya wanyama inayoyapunguza, mradi mkaa huo ubadilishwe kwa wakati wake.

Ndipo bibi yake, aliyekuwa ameketi mbele ameegemea fimbo, akauliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, kumbe ni mimi niliyekunywesha?"

Mkutano ukanyamaza. Mwanafunzi wetu akaenda, akapiga magoti mbele yake. "Bibi, wewe ulininywesha maji ili niishi, na nimeishi. Wewe hukujua, na aliyechimba kisima kile cha zamani naye hakujua. Nimekwenda kusoma ili pawepo anayejua."

Bibi akamshika kidevu, akayatazama yale meno. Kisha akamgeukia mwenyekiti na kusema kwamba nyumba yake ina bati, na mwenye pipa alilete.

Siku ile kijiji kilikubaliana mambo mawili. Kwanza, shule ianze kukinga maji ya mvua kabla ya masika. Pili, wenye watoto wadogo wapeane zamu ya kupeleka punda kwenye chemchemi ya juu, dumu moja kwa kila nyumba, kwa ajili ya kinywa cha watoto. Ni kazi waliyodhani wameiaga. Lakini dumu moja si sawa na madumu manne, na safari hii walijua wanachokifuata.

Ndugu msomaji, labda wewe hukai Karatu. Lakini kama unakunywa maji ya kisima, nakusihi uulize maswali matatu aliyoniachia binti huyu tulipoagana. Maji haya yametoka wapi? Nani anahesabu yanavyochotwa? Na je, yamepimwa maabara, au tumeyapima kwa macho na ulimi tu? Kama hakuna anayejua majibu, huenda pale nyumbani pako yupo kijana apendaye hesabu na sayansi. Mwambie kuna kazi inamngoja.

Tulipoondoka, mwanafunzi wetu alikuwa amelipakata kasha lake, na chupa zote zimejaa. Wajukuu wa bibi walitukimbilia hadi njia panda wakipunga mikono. Naye akawacheka kwa furaha, na safari hii mkono wake haukuziba mdomo.